Mlima White Bird, Gia ya Tatu

Kaka yangu Eneko hajui kukaa upande wa abiria.
Mkono wake wa kulia umo ndani ya plasta,
mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo,
na nyuma yetu, kwenye tela,
kondoo dume kumi na wanne wanasukumana mabega
tangu tulipoiacha Jordan Valley kabla ya kupambazuka.

Tambarare ilikuwa rehema.
Gia ya juu, ile ya ovadraivu,
injini ikinong'ona kama mtu anayehesabu pesa zake mwenyewe,
mafuta yakinyweka kwa adabu.
Kisha barabara ikainua kidevu,
maili saba za kupanda,
na pikapu ikaanza kubabaika:
ya nne. Ya tatu. Ya nne tena. Ya tatu.
Kama mgeni mlangoni asiyejua
avue viatu au aage.

Nikabonyeza kitufe kwenye ncha ya wenzo.
Taa ndogo ya manjano ikawaka: ya nne imefungwa.
Injini ikapaza sauti.

"Unaiua," Eneko akasema.

Hapo ndipo tunapoachana njia, toka utotoni.
Yeye akisikia kelele hudhani ni maumivu.
Mwaka jana, mlima huuhuu, pikapu hiihii,
aliipandisha kimya kimya,
kwa gia ya juu, kwa staha, kwa kiburi cha kutosikika,
na injini haikulalamika hata mara moja.
Giaboksi ndiyo iliyoteketea, chini kule gizani.
Oili nyekundu ikawa rangi ya kahawa ya jana,
harufu ya mkate uliosahauliwa motoni
ikaingia kwa matundu ya hewa.
Orville Teague, fundi wa Grangeville,
alichovya kidole, akakinusa,
akaandika tarakimu kwenye kikaratasi
na kukisukuma mezani kikiwa kimefunikwa, kifudifudi.
Nusu nililipa mimi.

Kwa hiyo leo natazama geji, saa siitazami.
Mia moja na tisini.
Mia mbili na tano.
Malori ya magogo yananipita. Na yapite.
Akawiaye hufika; aunguzaye hukokotwa,
yeye na alichokuwa akikikokota.

Mzigo una joto lake, sikatai.
Lakini joto linaloua hutoka kwenye kusitasita:
gia kuruka, kurudi, kuruka,
vyuma kuteleza ndani ya oili pasipo kushikana.
Shika moja. Nguruma. Panda.

Mia mbili na kumi na tano,
na mshale ukagota hapo.

Kileleni nikaegesha.
Eneko akapitisha mkono wake mzima kuufuata ufunguo.
"Usizime."
Injini ikizimwa, pampu nayo hulala,
oili ya moto ikabaki palepale ilipo, ikijipika.
Nikakanyaga kidogo tu, mizunguko elfu na mia mbili,
ikaenda kwenye kipozeo nyuma ya grili,
ikarudi, ikaenda.
Mia mbili na kumi. Mia mbili na tatu.
Upepo ulipanda kutoka mashamba ya Camas
na vumbi la ngano iliyokwisha kuvunwa.

Ndipo, bila kunitazama,
kama anayekiambia kioo cha mbele,
kaka yangu asiyelalamika akasema:
"Graxi, yale malisho ya juu nimeyauza. Tangu Februari."

Kondoo mmoja alipiga pembe kwenye ukuta wa tela, mara mbili.

Miezi saba.
Akila mezani kwangu, akiniuliza habari za mvua,
miezi saba kwa gia ya juu.
Nilitaka kumfokea. Nikatazama geji.
Mia moja na tisini na nane.

"Sema yote," nikamwambia. "Mimi sizimi."

Akasema. Si yote, lakini akasema.
Mbele yetu barabara ilikuwa inateremka,
na kuteremka nako kuna gia yake.
Taa ya manjano niliiacha ikiwaka.